Bibi Hatua na Dakika Hamsini za Njia ya Maporomoko

Ijumaa ya tarehe 30 mwezi huu, saa kumi jioni, mwenzetu ambaye wageni na wafanyakazi wa hoteli hii ya mlimani wanamjua kwa jina la Bibi Hatua atafunga daftari lake na kustaafu, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja na miezi minne. Kati ya hiyo, miaka ishirini na tisa ameikalia meza moja tu, ile iliyo kati ya mlango wa veranda na kabati la makoti ya mvua, akizipangia familia matembezi na michezo ya nje kwa siku zote za likizo yao.

Mwandishi wa wasifu huu amepewa ukurasa mmoja wa jarida letu. Ofisa mmoja wa masoko, aliyekaa nasi miezi kumi na minne, aliagwa kwa kurasa mbili na picha akiwa ameshika kikombe. Ukurasa mmoja hautatosha, na wachapaji wameshaambiwa hivyo.

Jina lake lina historia. Alipoanza kazi ya meza, watoto wa wageni walimwita Dada Hatua. Ilipopita miaka kumi na ushee, akawa Mama Hatua. Siku hizi wale waliomwita dada wanakuja na watoto wao, na watoto hao wanapiga mbio mapokezi wakiita Bibi Hatua, Bibi Hatua, kama vile wamefika kwao. Mwenyewe husema amepandishwa cheo mara mbili na wageni na mara sifuri na hoteli. Hesabu hiyo imehakikiwa. Ni sahihi.

Hakuajiriwa kupanga matembezi. Aliajiriwa chumba cha kufulia, na huko ndiko alikogundua tatizo ambalo mameneja watatu mfululizo walikuwa hawajaliona. Zamani zile, kila familia iliyofika ilipewa ramani ya karatasi yenye njia nne, ikaachiwa mlima. Wakirudi jioni, nguo zao zilishuka kwa Bibi Hatua. Yeye akaona kwamba suruali za baba zina tope miguuni, za mama zina tope magotini, lakini za watoto zina tope makalioni. Akaanza kuhesabu. Kwa wiki mbili zilifuliwa suruali za watoto thelathini na wanne, na ishirini na sita kati ya hizo zilikuwa na tope mahali pa kukalia. Maana yake watoto ishirini na sita waliketi katikati ya njia wakagoma.

Akapanda nazo ofisini, suruali tatu mkononi bado mbichi, akamweleza meneja wa enzi hizo kwamba matembezi ya hoteli hii yamepangwa na watu wenye miguu mirefu. Meneja alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akaacha kucheka, kwa sababu wiki ile ile familia mbili zilikuwa zimeondoka siku tatu kabla ya muda wao, moja ikisema mtoto haongei na baba yake. Bibi Hatua akapewa meza kwa majaribio ya wiki mbili. Hakuna barua yoyote kwenye faili inayosema majaribio hayo yaliisha.

Utaratibu wake ni rahisi kuueleza na mgumu kuufuata. Familia ikifika, hawaulizi wanataka kwenda wapi. Anawatoa veranda na kuwapeleka hadi kwenye tangi la maji, mwendo wa hatua mia mbili za mtu mzima, pakiwa na mwinuko kidogo. Mtoto mdogo kuliko wote anatangulia. Wakubwa wanafuata nyuma, na masharti ni mawili: hakuna kumpita mtoto, hakuna kumwambia fanya haraka. Bibi Hatua anatembea pembeni na saa yake. Watu hudhani anamtazama mtoto. Anamtazama baba. Baba akifika tangini bila kuvunja sharti hata moja, familia hiyo inaweza kwenda popote mlimani. Akivunja yote mawili kabla ya hatua ya hamsini, siku yao ya kwanza itakuwa kijitoni, kujenga vibwawa kwa mawe, na baba atapewa kazi ya kubeba mawe makubwa ili atulie.

Kisha anakaa mezani anapiga hesabu. Dakika za mtoto kufika tangini zinazidishwa kwa urefu wa njia. Kila mtoto wa chini ya miaka saba anaongezewa dakika kumi za kuokota mawe na vijiti, maana ataokota, upende usipende. Kila mtu mzima mwenye simu inayopiga picha nzuri anaongezewa dakika tano. Babu au bibi anayesema mimi sijachoka anaongezewa kumi na tano. Kuna mwaka mwandishi alimwuliza kwa nini babu anayekiri kuchoka haongezewi kitu. Akajibu kwamba huyo atapumzika mwenyewe, wa kumhofia ni yule mbishi.

Siku ya kwanza hapandishi mtu mlima. Hata waje wakimbiaji, siku ya kwanza ni kijito, kupeperusha tiara kwenye uwanja wa juu na kulala mapema. Siku ya pili ni njia ya msituni, yenye kivuli na maji karibu. Ya tatu ni mapumziko, na hapa ndipo wababa wengi humjia juu, kwa sababu mtu aliyeomba likizo ya siku sita hataki kusikia moja ni ya kukaa. Anawasikiliza mpaka mwisho. Halafu anawaonyesha daftari: familia zilizoruka siku ya tatu na jinsi siku yao ya nne ilivyokwenda. Husoma kwa sauti ya upole, kama mtu anayesoma tangazo la msiba.

Wapo waliokuja na mipango yao. Mhandisi mmoja alifika na jedwali la rangi nne, shughuli tisa kwa siku, kila moja na dakika zake, kuanzia kutazama jua likichomoza hadi kuchoma mahindi. Bibi Hatua alilisoma lote kwa heshima, akageuza na upande wa nyuma, kisha akauliza swali moja tu: watoto watakojoa saa ngapi. Mke wa mhandisi alicheka mpaka akalazimika kukaa. Yule bwana amerudi mara sita tangu siku hiyo, na sasa huja mikono mitupu.

Daftari zake ziko hamsini na nane, mbili kwa kila mwaka. Mwandishi amezihesabu familia zote zilizomo: elfu kumi na moja mia tatu themanini na saba. Mara ya kwanza zilipatikana elfu kumi na moja mia tatu tisini na moja, lakini nne zilikuwa zimeandikwa mara mbili. Mwaka wake wa kwanza mezani, katika kila watoto watatu waliopanda mlima, mmoja alirudi kabebwa mgongoni. Mwaka jana alirudi kabebwa mmoja katika kila arobaini. Mtoto aliyepotea, hakuna. Aliyevunjika mguu, mmoja, naye aliangukia ngazi za hapa hapa hotelini akikimbilia chakula cha mchana.

Sasa tufike kwenye vibao, kwa sababu bila vibao wasifu huu ungekuwa na ukweli nusu.

Miaka tisa iliyopita, hoteli iliamua kuweka vibao vipya kwenye njia zote nne, kumi na vinne kwa jumla, kila kimoja kikionyesha dakika za njia yake nzima, kutoka hotelini hadi mwisho. Kazi ya kupima muda alipewa dereva wetu wa zamani pamoja na mtunza bustani. Walipewa saa nzuri na gari. Na kwa kuwa walipewa gari, walifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye gari angefanya: waliendesha kwa barabara ya nyuma mpaka juu, wakaliacha gari, wakapima njia wakishuka. Dereva hajawahi kukana. Anasema aliambiwa apime njia, hakuambiwa apande.

Karatasi ya dakika ikaletwa stoo, kwa mwandishi wa maneno haya, ambaye ndiye aliyekuwa na rangi, brashi na mwandiko unaosomeka. Njia ya Maporomoko ilikuwa imeandikwa dakika hamsini. Mwandishi aliuliza, tena kwa maandishi, kama hamsini hizo ni za kupanda au kushuka. Jibu lilikuja kwa mdomo: andika kama ulivyoletewa. Ikaandikwa. Tangu hapo, jikoni wanamwita mwandishi Dakika Hamsini, wapishi wanaokuja na kuondoka wanarithishana jina hilo pamoja na aproni, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumtania dereva. Mtu aliyeanza hapa kwa kubeba mabegi ya wageni, akajifunza hesabu kwa kuhesabu mashuka mpaka akakabidhiwa stoo nzima, alistahili jina jingine. Lakini leo si siku yake.

Bibi Hatua alijua kosa siku ile ile. Kwenye daftari zake familia zilitumia, kwa wastani, saa moja na dakika arobaini na nane kufika maporomoko. Akaenda ofisini akasema. Akaambiwa vibao vimeshalipiwa. Akarudi mezani, na kila familia iliyopangiwa njia hiyo aliiambia kwamba kibao kina haraka zake, nyinyi tengeni karibu saa mbili nzima.

Miezi minane baadaye mgeni mmoja alimfuata meneja wa wakati huo akataka kujua amwamini nani, kibao au yule mama. Mgeni hakuwa amekasirika. Aliuliza tu. Meneja akaona ni aibu, na kesho yake Bibi Hatua akakabidhiwa barua ya onyo kwa kosa la kudharau maandishi rasmi ya hoteli mbele ya wageni. Aliisoma, akatia saini, akauliza kama kuna kingine, akarudi kuwafunga watoto wawili kamba za viatu.

Barua ile ilimkataza kusema chochote kinachopingana na kibao. Akatii. Hakusema tena. Badala yake alikuja stoo na kuomba kwamba chakula cha kubeba, ambacho siku zote kilifungwa kifurushi kimoja, kifungwe viwili. Kila kifurushi akakiandika saa ya kukifungua: cha kwanza, mkate na mayai, kwenye daraja la mbao, saa tatu na nusu, cha pili, machungwa na ndizi, kwenye jiwe lenye ufa, saa nne na nusu. Chini ya kila karatasi aliandika saa ya kugeuka kurudi. Watu wakawa wanafuata tumbo badala ya kibao. Wanapita pale kwenye dakika hamsini bila hata kukitazama, kwa sababu machungwa hayajafika. Kwa miaka minane na ushee, stoo imefunga vifurushi viwili kwa kila familia ya njia hiyo, na uongozi ukauliza mara tatu kwa nini karatasi za kufungia zinaisha haraka.

Barua nayo haikulala bure ndani ya faili. Sheria yetu ni kwamba mwenye onyo hapendekezwi kuwa Mfanyakazi wa Mwaka. Ukutani, kwenye korido ya kwenda jikoni, zimetundikwa picha nane za miaka hiyo minane. Mojawapo ni ya mtu aliyefanya kazi hapa miezi saba. Bibi Hatua amezifuta vumbi zote, kwa sababu korido hiyo iko kwenye zamu yake ya usafi, na hajawahi kuipinda hata moja. Mwandishi angalipinda.

Mwezi wa tatu mwaka huu, alipoulizwa angependa kuagwa vipi, alisema hahitaji sherehe wala saa ya ukutani. Saa anazo. Alitaka kitu kimoja: cheti cha utumishi kisicho na onyo. Cheti kina mstari wa maonyo, na karani hukijaza kutoka kwenye faili, akitaka asitake. Alisema amekaa miaka ishirini na tisa akiwaambia watu ukweli wa muda, na hataki kutoka na karatasi inayosema alidanganya.

Basi mwandishi akamwandikia meneja wa sasa barua ya kurasa nne, yenye takwimu za familia elfu mbili mia moja na arobaini zilizotumia Njia ya Maporomoko. Meneja huyu ana miaka miwili hapa. Ni mtu msikivu, hilo lisemwe, ila ni mtu wa mbio. Asubuhi huizunguka hoteli mara nane kabla ya chai. Alijibu kwamba hawezi kufuta barua ya mtangulizi wake kwa sababu ya daftari la mtu mwenyewe aliyeonywa. Na kwa kweli, akaongeza, yeye alishapanda njia ile kwa dakika hamsini na tatu. Akaulizwa alipanda na nani. Akasema peke yake.

Bibi Hatua aliposikia hakubishana. Alituma salamu kwamba shule zinafungwa wiki ijayo, na amesikia familia ya meneja inakuja mlimani.

Wakaja: mke wa meneja, mama mkwe wake, na watoto watatu wa miaka kumi na mmoja, minane na minne. Meneja akatangaza mbele ya watu wa mapokezi kwamba atawapeleka maporomoko kwa kibao, na barua itasimama au itaanguka kwa saa hiyo. Mwandishi aliteuliwa kufuata nyuma na saa, na akaombwa asiseme kitu njiani, sharti ambalo lilikuwa gumu kuliko mwinuko.

Hapo ndipo mtu mwingine angeliweka mtego. Ilitosha kukaa kimya, amwache bwana mkubwa atoke na familia yake kwa dakika hamsini, arudi amebeba mtoto huku mkwewe akimtazama. Mwandishi alimshauri hivyo hivyo, waziwazi. Bibi Hatua alimjibu kwamba wale watoto hawakuandika barua yoyote.

Akawapanga kama familia nyingine yoyote, ambayo ndiyo waliyokuwa. Akawatembeza hadi tangini. Wa miaka minne alitumia dakika sita, akiwa na mawe mawili na konokono mmoja. Baba alivunja masharti yote mawili kwenye hatua ya thelathini. Bibi Hatua akasema, kwa upole, kwamba kwa miguu hii yeye angewapeleka kijitoni, na maporomoko yangesubiri siku ya nne. Meneja akasisitiza. Akakubali, akaandika vifurushi, na chini kabisa akaandika kwa herufi kubwa: geukeni saa tano kamili, popote mtakapokuwa. Mawingu ya msimu huu huja mchana, na njia ile ikilowa haina huruma.

Waliondoka saa tatu kamili asubuhi. Kwenye daraja la mbao, mkate na mayai, walifika wakiwa wamechelewa dakika kumi. Baada ya hapo wa miaka minne aliketi njiani akatangaza kwamba miguu imeisha. Baba yake akamwambia bado kidogo tu. Mtoto akamwuliza kidogo gani. Dakika ya hamsini iliwakuta hawajafika hata nusu, wamesimama mbele ya kibao chenyewe, bibi wa watoto akikisoma kwa kidole. Akamgeukia mkwewe akamwuliza, kwa adabu yote, mwanangu, hizi dakika hamsini ni za nani? Meneja akasema ni za hoteli, mama. Bibi akasema basi hoteli ina magoti mazuri.

Mwandishi alitimiza sharti la kutosema kitu. Alikohoa.

Saa tano kasoro dakika mbili walikuwa kwenye kibanda cha mwisho. Maporomoko yanasikika pale kama mvua juu ya bati. Zimebaki kona nne. Dakika mia moja na kumi na nane zilikuwa zimepita. Mwandishi hana sababu ya kuficha kwamba alitaka waendelee, kwa sababu alihitaji namba kamili ya kuandika, na barua ilisema itasimama au itaanguka kwa saa. Safari isiyofika haina muda. Meneja naye alitaka waendelee. Alisema hapa tumeshafika jamani, dakika tano tu. Mtoto mkubwa alikuwa ameshatangulia kona ya kwanza.

Mama mkwe akatoa karatasi ya machungwa mfukoni, akaikunjua na kuisoma tena. Kisha akasema, mwanangu, yule mama ameandika popote. Hakuandika isipokuwa mkiwa karibu.

Meneja alisimama pale muda mrefu kuliko alivyozoea kusimama mahali popote. Akatazama juu, ambako hapakuwa na wingu hata moja. Akatazama saa ya mwandishi. Kisha akamwita mkubwa arudi, akapiga magoti akampakia mdogo mgongoni, wakageuka. Mwandishi aliteremka mlima ule akiwa na hasira na kila mtu, akiwemo Bibi Hatua, kwa sababu namba yake ilikuwa imeachwa kona nne juu.

Walifika veranda saa sita na robo. Mvua ikaanguka saa sita na dakika ishirini na tatu, ile ya kufuta njia. Kutoka mezani Bibi Hatua hakuuliza kuhusu maporomoko wala dakika. Aliuliza kama mdogo ana soksi kavu. Hakuwa nazo. Akampa za kwenye kabati lake.

Kesho yake asubuhi meneja alishuka stoo mwenyewe, bila kuzunguka hoteli hata mara moja, maana magoti yalikuwa yanamwuma. Mwandishi alikuwa ameandaa utetezi: kwamba japo hawakufika, dakika mia moja na ishirini bila kufika ni ushahidi tosha dhidi ya hamsini. Hakupata nafasi ya kuutoa. Meneja alisema hana haja na muda wa kufika. Alisema angekuwa amefuata kibao, mama mkwe wake na watoto watatu wangekuwa bado njiani mvua ilipoanza. Akaomba aonyeshwe barua ya onyo, akaisoma akiwa amesimama, akauliza kama kuna mtu aliyewahi kumwomba radhi yule mama. Hakuwepo.

Alimwomba yeye, mezani pale, mbele ya familia mbili zilizokuwa zinasubiri zamu. Bibi Hatua alimshukuru, kisha akamwambia asogee kidogo, kuna mtoto anataka kupita.

Barua imetolewa kwenye faili. Vibao vyote kumi na vinne vimepakwa upya kwa dakika za Bibi Hatua, baada ya yeye na mwandishi kuzipanda njia zote nne kwa miguu, wiki tatu, kila Jumatatu na Alhamisi. Dereva wa zamani alikuja kushika kopo la rangi bila kuitwa. Njia ya Maporomoko sasa inasomeka saa moja na dakika hamsini, na chini yake kuna maneno ambayo hapo awali hayakuwepo: kwa mwendo wa mtoto wenu mdogo. Meza yake atairithi binti wa mapokezi ambaye amekuwa akijifunza tangu Januari. Bado anawatazama watoto kuliko wababa, lakini atazoea.

Kwa miaka ishirini na tisa, mama huyu amewarudisha watu nyumbani wakiwa bado wanaongea. Kwa hilo, sisi wa stoo, jikoni, mapokezi, bustani na chumba cha kufulia, tunamshukuru kwa moyo wote. Cheti chake kimeshaandaliwa na mwandishi amekiona kwa macho yake. Kwenye mstari wa maonyo, karani amepiga kistari kimoja kifupi, cha wino mweusi. Kistari hicho kimechukua miaka minane na miezi minne kupatikana, na cheti kikisomwa Ijumaa, tunaomba msomaji akifika hapo asipite haraka.

Bibi Hatua, tunakutakia afya njema, miguu mizima, na siku nyingi ambazo hakuna anayekusubiri mezani.